Asilimia mbili si huduma: shajara ya kupanga huduma za mchana kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili

Septemba 2024

Afisa ustawi wa jamii amepiga simu. Halmashauri inataka kukusanya mapema maoni ya mpango na bajeti ya 2025/26, na ameomba kikundi chetu cha wazazi na ndugu kipeleke andiko kuhusu watu wazima wenye ulemavu wa akili. Barua hakuna, ni kauli ya mdomo tu, lakini kwa miaka yote tuliyobisha hodi hii ndiyo mara ya kwanza sisi kuitwa. Wenzangu wamenipa kazi ya kuandika shajara ili vikundi vya wilaya nyingine, za hapa Tanga na kwingineko pwani, vipate pa kuanzia. Jina la halmashauri sitalitaja. Maofisa wake bado tunawahitaji.

Mimi ni mhasibu katika chama cha ushirika. Kaka yangu amevuka miaka 40, ana ulemavu wa akili, anaishi na mama, na mama umri umekwenda. Kuhusu mimi hayo yanatosha.

Tulipoanzia ni hapa. Mtoto mwenye ulemavu wa akili, akibahatika, ana pa kwenda: shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu, walimu waliopitia Patandi kule Arusha, na huko Lushoto ipo shule ya Irente. Akishakuwa mtu mzima, daftari linafungwa. Ofisi ya elimu inasema huyu si mwanafunzi. Afya wanasema si mgonjwa, labda awe na kifafa. Maendeleo ya jamii wanasema ajiunge na kikundi akope. Ustawi wa jamii ndio wanaosikiliza, ila kwenye vitabu hawana kasma, yaani fungu la bajeti, ya kumhudumia. Tanga mjini kipo Chuo cha Masiwani, ndugu wa Yombo cha Dar es Salaam na Luanzari cha Tabora, vyuo vya serikali vya kufundisha ufundi watu wenye ulemavu. Kwa wanaoweza kusoma kozi ni msaada mkubwa. Lakini kozi ina mwisho, na mtu wa miaka 38 anayehitaji kukumbushwa kunawa na kuoneshwa njia ya kurudi nyumbani shida yake si cheti.

Kabla ya kuandika lolote tumekubaliana jambo moja: tunaomba huduma ya mchana karibu na nyumbani, hatuombi bweni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 19 kinahusu haki ya kuishi katika jamii kama watu wengine. Mzee mmoja kikundini, ambaye siku zote alitaka bweni, alisema wazi anachoogopa ni siku yeye na mkewe watakapokuwa hawapo. Hofu hiyo tunayo sote. Mama mwenzetu alimuuliza, "Baba, mwanao analala peke yake sasa hivi?" Akasema hapana, analala chumba kimoja na babu yake. "Basi huko bweni atalala na babu wa nani?" Kikao kilicheka, mzee naye akacheka, ila sidhani kama ameshawishika.

Oktoba

Afisa mipango anataka idadi. Bila idadi, anasema, andiko letu ni risala. Amesema kweli.

Tulianzia kwenye sensa ya 2022. Maswali yake ya msingi ya ulemavu yanauliza kama mtu anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia na kuwasiliana. Ni maswali mazuri kwa kulinganisha nchi na nchi, lakini kwetu yanachanganya mambo. Bibi wa miaka 80 anayesahau alipoweka ufunguo anaingia safu moja na kijana ambaye tangu kuzaliwa hajaweza kutofautisha noti ya elfu moja na ya elfu kumi. Huwezi kuwapangia wawili hao huduma moja.

Tukaenda kwenye rejista za vijiji na mitaa. Huko tulikuta wasioona, wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu, watu wenye ualbino. Wenye ulemavu wa akili ama hawamo kabisa, ama wameandikwa "mgonjwa" bila maelezo. Mtendaji mmoja alitwambia familia zenyewe zinawaficha. Kuna ukweli hapo, lakini nusu ya ukweli ipo kwenye swali. Ukibisha hodi ukauliza "Hapa kuna mlemavu?", utajibiwa hakuna, na ukisisitiza utaonekana umeleta maneno. Tukishirikiana na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tulibadilisha swali: "Ni nani hapa nyumbani ambaye hamuwezi kumwacha peke yake kutwa?" Watu walianza kufungua mioyo. Baadhi waliishia kutuonesha mtu ambaye jirani wa ukuta mmoja alikuwa hajui kama yupo.

Kwa kila mtu tuliandika anachofanya mwenyewe, anachofanya akikumbushwa, na anachofanyiwa. Tukauliza kama ana kifafa na dawa anapata wapi. Kisha tukauliza swali ambalo afisa mipango hakuwa ameliomba: anayemwangalia mchana ameacha kazi gani kwa ajili hiyo?

Swali hilo ndilo lililogeuza andiko zima. Kwenye kata za ufukweni wanawake wengi wanalima mwani. Mwani hauendi na saa za ofisi, unakwenda na maji. Kazi yenyewe ya kufunga mbegu kwenye kamba, kupalilia, kuvuna, inafanyika wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali sana. Huku kwetu siku za bamvua maji makavu huangukia asubuhi kuelekea mchana. Mama mwenye mtoto mkubwa asiyeweza kubaki peke yake ana njia mbili tu: amfungie ndani, au aende naye baharini ambako maji yakianza kujaa hawezi kushika kamba na kumshika mkono mwanawe kwa wakati mmoja. Wengi wameacha mwani. Mmoja alisema, bila kulia wala kulalamika, kwamba anamfungia, anamwekea redio na maji ya kunywa, na akirudi humkuta ameketi palepale alipomwacha.

Kwa hiyo kituo kinachofunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa tisa, kitawafaa wenye ofisi. Mkulima wa mwani anahitaji kituo kilichojaa wasaidizi wiki ya bamvua, na wiki ya maji mafu, bamvua ikishapita, anaweza kukaa na mwanawe. Tumeandika hivyo kwenye rasimu: ratiba ya huduma ifuate kalenda ya maji. Afisa mipango alisoma mstari huo mara mbili, akauliza kama kwenye PlanRep, mfumo wa serikali wa kuandalia mipango na bajeti, kuna mahali pa kuujaza. Hakuna. Tumeuweka kwenye kiambatisho.

Novemba

Mwezi huu tumewauliza wenyewe. Kikundini si wote waliona umuhimu. Kuna wazazi waliosema "mimi ndiye ninayejua anachotaka". Mimi pia najua kaka yangu anapenda nini kwenye sahani, lakini sijui angependa kuketi na nani.

Ugumu wake ni kwamba watu wengi wenye ulemavu wa akili wamefundishwa tangu utotoni kukubali kila wanachoulizwa. Unataka kwenda kituoni? Ndiyo. Unataka kubaki nyumbani? Ndiyo. Uliye mbele yake ni mkubwa, umevaa vizuri, una karatasi. Jibu salama ni ndiyo. Mwalimu mstaafu wa elimu maalumu aliyetusaidia alikataa kabisa maswali ya ndiyo na hapana. Alitumia picha, mbili kwa wakati mmoja: shamba na jikoni, watu wengi na mtu mmoja, kuanika dagaa na kusuka makuti. Mtu anachagua, kisha picha zinabadilishwa upande na kurudiwa baadaye, maana wapo wanaoshika ya mkono wa kulia siku zote, iwe picha ya nini. Chaguo linaandikwa tu likijirudia.

Kijana mmoja wa makamo, asiyesema maneno zaidi ya machache, kila tulipompa picha yenye watu alikuwa anaigeuza kifudifudi. Mama yake alianza kumwombea radhi. Mwalimu akamwambia, "Mama, acha, hilo ndilo jibu." Tukaweka picha ya mtu mmoja chini ya mwembe na ng'ombe wawili, akaishika na hakuitoa mpaka tulipoondoka. Huyu kumleta kwenye ukumbi wenye kelele kila siku ni kumwadhibu. Rasimu sasa ina aina mbili za huduma: kituo, na msaidizi anayemfuata mtu nyumbani au shambani kwa saa chache. Ya pili ni rahisi zaidi kwa fedha kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu haihitaji paa.

Tarehe 27 ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Kazi zote zimesimama kwa muda.

Desemba

Wenyeviti wapya wameapishwa, tumeanza nao upya. Baadhi yao wameshika mambo haraka kuliko waliotoka. Andiko limefika kwenye kamati za maendeleo za kata, na katika kila kata tumejibiwa sentensi moja, kama waliifanyia mazoezi: "Lakini hawa wana asilimia mbili zao."

Nilieleze hili kwa kirefu, kwa sababu ndipo mipango ya watu wenye ulemavu wa akili inapokwama karibu kila mahali. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarejeshwa 2024. Ni sheria njema na ipo mifano ya watu waliosimama kwa fedha hizo. Lakini ni mkopo. Unarudishwa.

Chukua halmashauri yenye mapato ya ndani yasiyolindwa, yaani yasiyotengwa tayari kwa matumizi maalumu, ya shilingi bilioni 1. Asilimia 10 ni milioni 100. Watu wenye ulemavu wote, wa viungo, wasioona, viziwi, wenye ualbino, na wetu, wanapata milioni 20 za kukopa na kurudisha. Sasa mtu anayehitaji msaada wa kuvaa shati akopeshwe afanye nini? Atarudisha kwa biashara gani? Nimewauliza waheshimiwa hivyohivyo. Mmoja alijibu, "Dada yangu, ndugu zake wamkopee."

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Watu wenye ulemavu wa akili ni rahisi kuingizwa majina kwenye vikundi wasivyovijua. Kuna familia katika kata zetu iliyofuatwa na mkusanya madeni kwa mkopo ambao kijana wao alichukuliwa alama ya kidole tu, akapewa soda. Fedha zilikwenda kwa watu wengine. Sisemi mikopo isitolewe kwao. Wapo wanaoweza kabisa, kwa kusaidiwa kuelewa wanachosaini, na kifungu cha 12 cha mkataba ule kinasisitiza usaidizi wa kufanya uamuzi badala ya kumnyang'anya mtu uamuzi. Lakini huduma ya mchana haiwezi kuendeshwa kwa mkopo, sawa na zahanati isivyoendeshwa kwa mkopo wa wagonjwa wake.

Tumeandika ukurasa mmoja wenye hesabu hiyo na kuugawa kabla ya kila kikao. Kata mbili zimepitisha pendekezo letu kama lilivyo. Nyingine zimepitisha "kwa maelekezo", maana yake tutajua mbele ya safari.

Januari 2025

Limekuja jengo.

Nilijua litakuja. Kwenye kikao cha wataalamu wa halmashauri andiko letu limepokelewa vizuri sana, limesifiwa, na limegeuzwa kuwa "Ujenzi wa Kituo cha Watu wenye Ulemavu", awamu ya kwanza msingi na boma. Ramani imeshachorwa. Kuna ofisi ya mratibu, ukumbi, stoo na uzio. Wasaidizi hawamo hata mmoja.

Siwalaumu, nimefanya kazi na vitabu vya hesabu muda mrefu. Halmashauri inatakiwa sehemu kubwa ya mapato yake ya ndani iende kwenye miradi ya maendeleo, na mradi wa maendeleo unaohesabika kirahisi ni ule unaoweza kupigwa picha. Jengo lina mkataba, lina asilimia za utekelezaji, mwenge ukija linazinduliwa. Posho ya msaidizi anayekaa na watu watano kutwa nzima ni matumizi ya kawaida, na huko ndiko ukomo wa bajeti unakobana kwanza. Jengo lisilo na msaidizi ni stoo yenye uzio, lakini kwenye taarifa ya robo mwaka linasomeka asilimia 65.

Tulichofanya ni kutafuta paa ambalo tayari lipo. Katika kata ya ufukweni kuna ghala la zamani la ushirika, bati zima, sakafu ya saruji, choo kimebomoka mlango. Katika kata ya bara kuna ofisi ya kata iliyohamwa. Tukaandika hesabu mpya: ukarabati wa choo na njia ya mtelezo kwenye maendeleo, na posho za wasaidizi, chakula cha mchana na nauli kwenye matumizi ya kawaida. Mweka hazina, mtu mkavu asiyecheka, ndiye aliyetuokoa. Alisema mbele ya wote kwamba boma analo la kutosha wilayani, ambalo halijaezekwa, na hataki jingine.

Nauli ilileta mjadala mrefu kuliko posho. Mjumbe mmoja aliona ni anasa. Lakini mtu asiyeweza kupanda daladala peke yake anapandishwa na mtu, na mtu huyo analipa nauli nne kwa siku: kumpeleka, kurudi, kumfuata, kurudi naye. Ndiyo maana tumependekeza bajaji moja ya mkataba kwa kila kituo, dereva awe mmoja siku zote, anayejulikana kwa sura na kwa jina. Dereva kubadilika kwa watu wetu si jambo dogo. Kaka yangu hapandi chombo cha mtu asiyemjua, na akilazimishwa siku nzima imeharibika.

Februari

Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha Baraza la Madiwani. Sitaeleza vikao vyote. Vingi vilikuwa madawati ya shule na barabara za mvua, na ni haki yake.

Diwani mmoja wa viti maalumu alisimama akasema ameona mwenyewe mwanamke anavuna mwani huku mwanawe wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu, amefungwa kamba kiunoni asije akavutwa na maji. Hakusema zaidi. Mwingine akasema Sheria Na. 9 ya 2010 imewapa ndugu wajibu wa kumtunza mtu wao. Ni kweli imewapa. Afisa ustawi alisimama kujibu kwamba sheria hiyohiyo inazipa serikali za mitaa jukumu la kulinda haki na ustawi wa watu hawa, na imeunda kamati zao kuanzia vijijini hadi halmashauri. Huwezi kusoma ukurasa mmoja ukaacha wa pili. Nilimpigia makofi nikakumbushwa na mpambe kwamba wageni hawapigi makofi.

Kilichopita: vituo vimetoka viwili kuwa kimoja, cha ufukweni, kwenye ghala. Posho za wasaidizi zimepita, pungufu ya tulivyoomba. Nauli imepita kwa siku za bamvua tu, jambo ambalo lilinishangaza kwa uzuri, maana walioikata walikata kwa kufuata kalenda yetu. Chakula hakikupita; wazazi watachangia unga na samaki. Msaidizi wa kumfuata mtu nyumbani ameondolewa. Sababu iliyoandikwa: "haipimiki". Kijana wa ng'ombe wawili, basi, hajapata kitu mwaka huu.

Aprili na Mei

Tumeanza kuandaa wasaidizi, ingawa mwaka wa fedha haujaanza. Waliojitokeza ni wanawake wengi na vijana wachache wa kiume, baadhi wana ndugu zao wenyewe kwenye orodha.

Kuhusu usalama hatukutaka hotuba, tulitaka kanuni chache za kushikika. Msaidizi hakai peke yake na mtu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Mwanamke anasaidiwa kuoga na kubadilisha nguo na mwanamke. Anayekuja kumchukua mtu ni yule aliyeandikwa, hata kama mwingine ni mjomba halisi. Yakitokea ya kutokea, taarifa inakwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo, haizungumzwi kwanza na wazee. Kanuni hii ya mwisho iliwagawa wazazi. Wapo waliosema mambo ya familia yana heshima yake. Mama mmoja, ambaye binti yake alipata mimba asiyoweza kuieleza, alisimama akasema heshima hiyo yeye ameshaiona. Kanuni ikapita.

Muuguzi wa zahanati alikuja kufundisha kifafa, maana kinawapata wengi wa watu wetu. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, usimnusishe kiberiti. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, anakwenda hospitali. Wasaidizi wawili walikiri wamekua wakiona vijiko vikitumika. Tumebandika kalenda ya dawa ukutani, kwa kuwa dawa ya kifafa ikikatika ghafla ndipo balaa linapoanza, na wengi wanaikatisha kwa sababu tu aliyekuwa anaifuata kituoni yuko baharini.

Shughuli ya kwanza itakuwa makuti ya kumba. Fundi wetu ni mzee wa hapo kijijini, hajawahi kusikia habari za elimu maalumu, lakini anafundisha kwa namna ambayo mwalimu mstaafu alibaki mdomo wazi. Yeye haanzi na kupasua jani. Anasuka kumba lote mwenyewe, anaacha majani matatu ya mwisho, anampa mtu amalizie: juu, chini, vuta. Kumba limeisha, na aliyelimaliza ni mwanafunzi. Siku nyingine anaacha majani sita. Anasema mtu akianza mwanzo atachoka kabla hajaona kuti, lakini akianza mwisho kila siku anatoka na kuti. Tumemwomba awafundishe wasaidizi wote kufundisha hivyo, hata kunawa mikono na kufunga vifungo.

Mjadala ambao haujaisha: mauzo ya makuti ni ya nani? Msimamo wangu, na nimeuandika kwenye muhtasari, ni kwamba aliyesuka alipwe mkononi, hata kama ni shilingi mia tano na hata kama atanunua ubuyu wote. Wengine wanataka fedha ziingie mfuko wa kituo. Kituo kikianza kula kwa jasho la watu kinaowahudumia, sioni tofauti yake na yale tuliyoyakimbia.

Agosti 2025

Mwaka wa fedha umeanza Julai. Kasma ipo, nimeiona kwa macho, fedha bado. Baraza la Madiwani limemaliza muda wake Juni kupisha Uchaguzi Mkuu wa Oktoba, kwa hiyo wale tuliowashawishi hawana kikao cha kuuliza maswali, na baadhi yao wako kwenye kampeni. Mkurugenzi na wataalamu wake ndio wanaoendesha. Afisa ustawi wetu amehamishwa. Aliyekuja ni kijana, msikivu, na anaanza kusoma faili kutoka mwanzo.

Hatukungoja. Mlango wa choo umetengenezwa kwa michango, na tumefanya majaribio ya siku za bamvua, asubuhi mpaka maji yanapojaa, wasaidizi wakijitolea kwa nauli zao. Kilichoonekana haraka ni kwamba saa ya kufunga inabadilika kila siku pamoja na maji, na hilo linawachanganya watu wanaotegemea mazoea. Tumeanza kutumia bendera: ikiwa juu kituo kipo wazi, ikishuka akina mama wanarudi. Imesaidia kwa wengi, si kwa wote. Kuna mmoja ambaye bendera ikishuka anaipandisha tena, hataki kuondoka.

Mama aliyekuwa anafungia mlango amerudi kwenye mwani, ila kwa kamba chache. Anasema kamba zote atarudishia akishaona kituo kina fedha ya kweli, maana hataki kupanda mbegu ambazo atashindwa kuzivuna. Kwa mtu wa hesabu kama mimi, hiyo ni tathmini sahihi ya mradi kuliko fomu yoyote niliyoijaza.

Yanayofuata: barua kwa mkurugenzi kuulizia mgao wa robo ya kwanza, nakala kwa sekretarieti ya mkoa. Kumtafutia afisa mpya kiambatisho cha kalenda ya maji, kwa sababu kwenye faili hakimo. Na mapendekezo ya 2026/27 yanaanza kukusanywa hivi karibuni. Tunarudisha msaidizi wa nyumbani, safari hii na kipimo ambacho hawataweza kukikataa: siku ngapi kwa mwezi anayemtunza ametoka kwenda kazini. Mwalimu mstaafu anataka pia twende tukamwone kijana wa ng'ombe, tumuulize tena kwa picha kama bado jibu lake ni lilelile.